Kocha wa Timu ya Redio

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na dada yangu. Nimehamia kwake wiki iliyopita, na kila jioni humsimulia mambo yote ninayoyaogopa mpaka anasimamisha cherehani yake. Leo amenirushia daftari akasema, "Andika humo, mdogo wangu, unipumzishe masikio."

Basi naandika. Nimeanza kazi ya ukarani katika shule ya sekondari ya wasichana. Niko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mkuu wa shule amenionyesha kabati la mafaili, mhuri, kidau cha wino na mashine ya kunakili ambayo lazima uipige kofi ubavuni ndipo iwake. Nimesema "ndiyo, mama" mara kumi na tisa. Nilihesabu.

Jumanne, 4 Machi

Mashine nimeipiga kofi, haikuwaka. Nikaiomba msamaha. Msichana aliyekuja kuchukua barua alinisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe kazi ya karani si barua tu. Karani ndiye anayekaa mezani timu ya mpira wa kikapu inapocheza nyumbani. Anaandika nani amefunga, nani amefanya faulo na dakika ya ngapi. Karani aliyenitangulia aliifanya kwa miaka sita, na Mkuu haoni sababu ya kubadilisha utaratibu. Nilimwambia sijawahi kuushika mpira huo. Akasema, "Hutaushika. Utashika kalamu."

Saa kumi nikaenda kujitambulisha kwa kocha. Ni mama aliyekwisha kupita umri wa makamo, mfupi, mnene kidogo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ameifundisha timu hii miaka thelathini na moja. Alikuwa ameketi kwenye benchi la zege kando ya uwanja, uso umeinama, wasichana wanakimbia mbele yake.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Ndiyo, mama."

"Kocha. Mama yako umemwacha nyumbani. Unaujua mchezo huu?"

"Hapana, Kocha."

"Unaweza kuandika kilichotokea, na si kile ulichotaka kitokee?"

"Nadhani naweza."

"Unaogopa?"

Sijui kwa nini nilisema kweli. "Sana."

"Vizuri. Aliyetangulia alikuwa hodari. Kila mechi alitukosesha pointi mbili."

Akanifundisha ishara za refa palepale. Ngumi moja juu ni faulo. Mikono miwili juu, kila mkono vidole vitatu, ni kikapu cha mbali kimeingia, andika tatu. "Hiyo ukiiona usibabaike," alisema. "Ndiyo ishara tamu kuliko zote." Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha dada. Shemeji amefungua mlango, amenitazama, amefunga mlango.

Alhamisi, 13 Machi

Mechi ya kwanza. Kichwa bado kinanivuma.

Sikuwa nimeambiwa kuhusu kelele. Timu hii haifungi midomo! Wasichana watano wanakimbia na wote watano wanasema kwa wakati mmoja. "Nipo kulia!" "Namshika kumi!" "Nyuma yako, nyuma yako!" "Nimepita!" Kila mmoja lazima aseme mambo mawili, yuko wapi na anamshika mpinzani yupi. Ndiyo sheria ya Kocha tangu alipoanza. Shule nyingine zinaiita Timu ya Redio. Benchi la wageni lilikuwa linapiga mayowe, "Zimeni redio hiyo, betri itakwisha!" na nahodha wetu akawajibu huku anadunda mpira, "Tunatumia umeme, dada!"

Mmoja tu hasemi, namba tisa, mrefu, mwembamba. Wenzake wanamwita Kimya. Kila baada ya dakika chache Kocha anapaza sauti, "Tisa, uko wapi?" Tisa hajibu. Anacheza vizuri lakini kana kwamba anaomba radhi kwa kuwepo. Nilimwelewa mara moja.

Tumeshinda, 44 kwa 37. Hesabu yangu na ya msaidizi wangu wa mezani zimelingana mpaka pointi ya mwisho. Nilifurahi kupita kiasi.

Jambo moja dogo. Kocha alitakiwa kuweka sahihi kwenye karatasi ya matokeo. Alisaini kwenye kisanduku cha refa. Nikadhani ana haraka. Na jingine, mchezo mzima alikuwa ametazama chini, kwenye viatu vyake, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu amenipa orodha ya watumishi waliopita umri wa miaka hamsini na mitano. Kila mmoja alete fomu ya uchunguzi wa afya, moyo, masikio, macho. Mwisho tarehe 30 Aprili. "Fomu zote, Karani. Ikikosekana moja, nitajua kwamba majaribio yako yamenijibu." Majina tisa. Kocha ni wa nne.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Hakuna mazoezi. Nimepiga mhuri barua mia moja na sita.

Jumatatu, 24 Machi

Fomu nane zimefika. Nimemfuata Kocha. "Kesho," kasema. Ijumaa pia alisema kesho.

Alhamisi, 27 Machi

Nataka kuandika haya kwa mpangilio.

Mvua ilianza saa nane. Uwanja wa nje ukawa bwawa, tukahamia ukumbini. Ukumbi wetu hauna dari, juu ni bati tupu. Robo ya kwanza ilikuwa manyunyu tu, tukaongoza kwa pointi sita. Robo ya pili ikaja mvua yenyewe. Ilikuwa kama mtu amemwaga gari la kokoto juu ya paa. Niliona midomo ya wasichana wetu inakwenda, sauti sisikii.

Kocha akainua uso. Sikuwahi kumwona akiinua uso. Akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto. Meza yangu na mahali pake vimetengana hatua moja, na niliona vidole vyake vikishika ukingo wa benchi.

Akaniinamia. "Nani ana mpira?"

Nilidhani ananijaribu, aone kama nafuatilia. "Saba," nikasema. "Saba wetu."

"Yuko wapi?"

Saba alikuwa mbele yetu kabisa. Ningenyoosha kalamu ningemgusa.

"Yuko... yupo hapa, Kocha."

Wageni wakafunga, wakafunga tena, wasichana wetu wakatazama benchi wapewe maelekezo, na Kocha akatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ndipo nikaelewa. Viatu, kisanduku cha refa, "kesho, kesho." Kalamu ikaniponyoka. Nilikosa kuandika kikapu kizima, msaidizi wangu akanipiga kiwiko.

Tumeshindwa kwa pointi kumi na moja.

Baada ya mechi nilimkuta kwenye stoo ya vifaa, anapanga mipira kwenye wavu, mmoja mmoja, kwa kupapasa.

"Funga mlango, Karani."

Nikaufunga.

"Umejua."

"Ndiyo, Kocha."

"Naona mwanga. Mtu namwona kama nguo iliyoanikwa. Nguo zote ni rangi moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Lakini wale nawasikia. Kila mmoja ananiambia yuko wapi, tena kwa kupiga kelele. Mwenye kunyamaza ndiye amempoteza mtu wake. Mimi mchezo nausoma kwa sikio, mwanangu, na naujua kuliko hao wenye macho. Bati tu ndilo linaloniua."

"Na fomu?"

"Fomu ni halali yako. Sitakuomba useme uongo. Nakuomba usubiri siku yake ifike. Tarehe 30 si tarehe 30?"

"Ni tarehe 30."

"Basi." Akanipa mpira mmoja nimshikie. Ulikuwa wa kwanza maishani mwangu. Ni mzito kuliko unavyoonekana.

Fainali ni tarehe 10 Mei. Nimehesabu mara tatu. Siku kumi zimezidi.

Ijumaa, 28 Machi

Sikulala vizuri. Nikificha, kazi imekwenda. Nikisema kabla, msimu umekwenda, na yeye pia. Nimekula nusu ya chakula. Dada kauliza nini. Nimesema mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua kali! Tumeshinda 52 kwa 40. Nilifumba macho kwa dakika moja, mchezo ulipoanza tena baada ya refa kusimamisha saa, nijaribu kusikia kama Kocha. Kwanza ni fujo. Halafu, polepole, sauti zikajipanga. "Nipo kulia" ni sauti ya mkwaruzo, nahodha. "Namshika nane" ni ile nyembamba. Nikajua mpira uko kushoto kabla sijafumbua macho. Ulikuwa kushoto! Nilikaribia kupiga makofi, na mtu wa mezani haruhusiwi kupiga makofi.

Zile ninazoziita kelele ni barua. Kila mmoja anaiandika na kuituma palepale.

Jumapili, 6 Aprili

Leo dada alikuwa anapitisha sufuria la maji ya moto nyuma yangu akasema, "Nyuma yako!" Amekuwa akisema hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikashtuka kama nimeitwa kwa jina.

"Dada, hilo neno ulilitoa wapi?"

"Neno gani?"

"Nyuma yako."

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Huyo Kocha wako ndiye. Nilivaa namba kumi miaka minne. Hujui? Ulikuwa unanyonya."

Akanisimulia mpaka chai ikapoa. Anasema anaweza kumtambua aliyepita mikononi mwa Kocha popote mjini. Nesi wa zahanati anayesema "nakuja kushoto, sindano" kabla hajakugusa. Mama anayeendesha lori la mchanga, anapiga honi na kusema "narudi nyuma" hata kama yuko peke yake. Na siku mama yetu alipokuwa anaumwa sana, chumba giza, hataki taa, dada alikuwa kila akisogea anasema, "Nipo kulia, mama. Sasa nipo miguuni." Nilikuwepo. Nilikuwa mlangoni, nimenyamaza.

Nimemwuliza kama Kocha alikuwa mkali. "Alinifukuza mazoezini mara moja tu," alisema, "kwa kosa la kunyamaza."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua usiku, kavu mchana. Nimekuwa mtu wa kutazama mawingu. Mkuu ameniuliza kama natafuta kitu dirishani.

Alhamisi, 17 Aprili

Ushindi, 39 kwa 38! Pointi moja! Nahodha alifunga mtupo huru wa mwisho huku anajisemea kwa sauti, "Nipo mstarini, natupa, unaingia," na ukaingia. Nimeandika kile kikapu kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Tumeingia nusu fainali.

Jumatano, 23 Aprili

Nahodha kaja ofisini kuchukua kibali cha safari. Akasimama, anazungusha kibali mkononi.

"Bwana Karani, naomba kuuliza. Habari za Kocha umemwambia Mkuu?"

"Nimemwambia nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejificha nyuma ya pazia, miguu ipo nje. "Tunajua tangu mwaka jana. Unadhani tunapiga kelele hivi kwa sheria tu? Sheria ilikuwa kusema. Kupiga mayowe tumeongeza sisi."

Kocha anadhani hakuna kati yao anayejua. Wao wanamwacha adhani hivyo. Na mimi nimekaa katikati na fomu tupu ya nne.

Jumanne, 29 Aprili

Sikumfuata Kocha leo. Niliogopa atasema kesho, niliogopa zaidi asiseme.

Jumatano, 30 Aprili

Saa mbili na robo asubuhi. Kocha aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, akaweka karatasi juu ya mhuri. Fomu ya macho, imejazwa na daktari, kila mstari. Alikuwa amekwenda peke yake. Nimesoma mara moja tu, kwa kuwa haikuhitaji mara mbili.

"Peleka," akasema.

"Kocha, fainali..."

"Nimekuambia andika kilichotokea. Ndicho hicho."

Nikaipeleka. Mkuu aliisoma akavua miwani. Akasema, kwa sauti ambayo sikuitarajia, kwamba yeye mwenyewe alisoma hapa, alikuwa akikaa benchi mwaka mzima bila kuingia uwanjani, na kila mazoezi Kocha alimwuliza yuko wapi. Kisha akavaa miwani. "Lakini siwezi. Akianguka na mpira ukampiga, nitasema nini? Mwalimu wa michezo atamaliza msimu."

Hapo nilipaswa kusema "ndiyo, mama."

Nilisema, "Hapana, mama."

Sote wawili tulishangaa.

"Namaanisha, naomba. Sheria inaruhusu kocha awe na msaidizi benchini. Nitakaa naye. Nitamwambia kila kitu. Mwalimu wa hesabu akae mezani, anajua kuandika. Mechi mbili tu."

"Wewe?" Mkuu alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Karani, unapobisha hodi hapo mlangoni nadhani ni panya. Umwambie kocha mchezo kwenye ukumbi uliojaa watu?"

"Naweza."

"Toka nje. Nenda mpaka mwisho wa korido. Ukifika, niambie nimeshika nini."

Nikaenda. Korido ile ina madarasa sita na milango ilikuwa wazi, masomo yanaendelea. Niligeuka. Mkuu amesimama kule mlangoni, mkono juu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kwenye darasa la mwisho, dawati la mlangoni, alikaa Kimya. Alinitazama. Hakucheka. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama anayesema na mimi hunipata hivyohivyo.

"UMESHIKA KALAMU!" nikapiga kelele. "NYEKUNDU! MKONO WA KUSHOTO! KIFUNIKO UMEKIWEKA MDOMONI!"

Vichwa vikatoka kwenye milango yote sita. Mwalimu wa historia aliniuliza kama kuna moto. Mkuu akatoa kifuniko mdomoni.

"Mechi mbili," akasema. "Halafu anapumzika kwa heshima zote."

Nikarudi mezani. Nacheka tangu saa hiyo. Nacheka hata sasa ninapoandika.

Jumamosi, 3 Mei

Nusu fainali, ugenini, uwanja wa wazi, jua. Tumeshinda 55 kwa 44!

Kazi yangu mpya ni ngumu. Nilianza hivi: "Kwanza, namba nne amepokea mpira upande wa kushoto. Pili, amemtazama namba sita." Kocha akanishika goti. "Mwanangu, usinisomee muhtasari wa kikao. Kabla hujafika 'pili' wameshafunga. Nipe mpira tu."

Robo ya pili nikaacha kwanza na pili. "Nne. Sita. Saba, chini. Anaruka. Ndani!" Kocha alicheka kama msichana. "Hivyo! Hivyo!"

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mazoezi ukumbini. Hawasikiani, wanagongana kama ng'ombe kwenye zizi. Kocha kawarudisha nyumbani mapema. Fainali ni kwenye ukumbi mkubwa wa mji. Nilikwenda leo jioni kuangalia paa.

Bati.

Ijumaa, 9 Mei

Mawingu. Dada kanijaribishia tai shingoni akasema, "Kesho ufunge duka la woga saa nne kamili, mechi ikianza."

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika yote. Mkono unauma lakini nitaandika.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Dada alikuja na shemeji, na nyuma yao safu tatu za akina mama. Nesi nilimjua, dereva wa lori nikamjua aliposema "narudi nyuma", wengine sikuwajua lakini kila aliyepita alisema "nyuma yako, napita." Sikuhitaji kuuliza wao ni nani.

Nusu ya kwanza kavu. Redio ikasikika wazi, tukaongoza 31 kwa 24. Kocha alikuwa ameinama kwenye viatu vyake, anatabasamu, akinihitaji mara chache. "Saba kamwacha mtu," anasema kabla sijaona, na kweli, saba alikuwa amenyamaza na mtu wake anapita.

Robo ya tatu, tone moja. Nililisikia. Kocha alilisikia kabla yangu, bega lake liligusa langu. Halafu paa lote.

Nilimwekea mdomo sikioni. Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua naimiliki. "Wana mpira! Kumi na nne wao! Katikati! Kapiga, kakosa! Nahodha kaudaka! Anapanda!" Yeye ananijibu nami ninasimama nawapungia wasichana ishara alizonipa. Lakini kule uwanjani wao kwa wao hawasikiani. Timu ambayo kwa miaka thelathini na moja haikuhitaji kutazama nyuma ilianza kutazama nyuma. Wageni wakaja moja moja, mbili mbili. 42 kwa 40. 46 kwa 47. Sauti ikaanza kunikwaruza. 48 kwa 50, na zimebaki sekunde kumi na nne, mpira ni wetu.

Kocha akaomba muda. Wasichana wakatuzunguka, vichwa vimeungana, maji yanavuja kwenye pembe ya benchi. Kocha akanishika mkono.

"Karani! Nani hajashikwa?"

Aliniuliza mimi. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza ninaona nini.

Nilikuwa nimekiona tangu robo ya tatu, ila nilidhani si kazi yangu. Wageni walikuwa wamefundishwa jinsi ya kucheza na sisi. Walikuwa wanatazama midomo. Anayefungua mdomo ndiye wanayemkimbilia, kwa sababu kwetu anayepiga kelele ndiye anayetaka mpira. Hata sasa ambapo hakuna kinachosikika, bado walikuwa wanafuata midomo.

"Tisa!" nilisema, sauti imebaki nusu. "Hakuna anayemtazama Tisa. Wanafuata midomo, Kocha. Yeye wa kwake haufunguki."

Kocha akacheka, mvua yote ile, akacheka.

"Basi fungueni midomo! Ninyi wanne, nendeni kushoto, mikono juu, pigeni kelele kama mnaibiwa. Nahodha, ukishaupata usitazame, utupe kona ya kulia, nyuma ya mstari. Tisa!" Akanyoosha mkono hewani na Kimya akaushika. "Mwaka mzima nimekusumbua useme. Leo usiseme. Kaa ulivyo."

Kimya akainama mpaka sikioni kwa Kocha. Nilikuwa karibu, nilisikia. Sauti yake nzito, si niliyoitazamia.

"Nitakuwa kulia, Kocha."

Filimbi.

Wanne wakaenda kushoto midomo wazi, kama vifaranga wanaosubiri kulishwa, na wageni wote watano wakawafuata! Wote watano! "Nahodha anao," nilipiga kelele, "wanamfunga, wawili, watatu, kautupa, kulia, Tisa anao! Yuko peke yake! Anaruka, umetoka mkono..."

Na sauti ikakatika kama uzi. Ikaisha. Nilifungua mdomo, nikatoa upepo.

"Sema!" Kocha alinitikisa. "Uko wapi? Mpira uko wapi?"

Ulikuwa juu. Ulikaa juu muda mrefu kuliko sekunde zilizobaki. Ulipiga pete, ukaruka, ukazunguka, ukaingia. King'ora kikalia, ukumbi mzima ukasimama, na Kocha wangu ameketi, ananing'ang'ania shati, hajui.

Nikamshika viganja vyote viwili. Nikaviinua juu ya kichwa chake, juu kabisa. Kisha, kwa kuwa mimi ni karani na kitu lazima kiandikwe sawasawa, nikamkunja kidole gumba na kidole cha mwisho, mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Vikabaki vitatu na vitatu.

Alibaki hivyo, mikono juu, mvua inapiga bati.

"Tatu?" akauliza.

Nikamtikisa mikono. Tatu, tatu, tatu. 51 kwa 50. Wasichana wakatuangukia.

Jumatatu, 12 Mei

Sina sauti hata kidogo. Mkuu kaniagiza kazi kwa maandishi. Nesi kasema nisiseme kitu mpaka Alhamisi, na alisema "nakuja na kijiti, mbele yako" kabla hajanitazama koo.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao cha kumuaga Kocha. Mkuu alitangaza kwamba ukumbi wa shule utaitwa kwa jina lake, na ubao mkubwa utatundikwa mlangoni. Kocha akaomba kusema. "Kama mna mbao za kuandika jina langu," akasema, "zipigeni dari."

Watu walicheka, ila mimi nimeandika kwenye kumbukumbu za kikao kama azimio namba tatu. Mkuu amesaini.

Ijumaa, 30 Mei

Fundi wa dari alianza jana. Mwalimu wa michezo ndiye mwenye filimbi sasa, lakini saa kumi kila siku Kocha anakuja, anaketi kwenye benchi lake la zege, uso kwenye viatu. Akisikia pengo anapaza sauti, na mwalimu wa michezo anajifanya ndiye aliyeliona.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini imetoka leo. Nimeipiga mhuri mwenyewe, kwa kuwa mhuri ninao mimi.

Leo Kocha alikuwa ameenda kwa daktari. Saa kumi na robo nilikuwa mezani, nimefumba macho, mkono kwenye mhuri, nasikiliza uwanja. Mkwaruzo, nahodha, kushoto. Ile nyembamba inamshika mtu. Saba yupo. Sita yupo. Wanne.

Wanne tu.

Nikasimama, nikafungua dirisha mpaka mwisho. "TISA! UKO WAPI?"

Uwanja mzima ukageuka. Kisha ikaja ile sauti nzito, toka kona ya mbali.

"Nipo kulia, Bwana Karani!"

Na toka chumba cha pili, sauti ya Mkuu: "Na wewe, Karani, uko wapi?"

"Nipo kazini, mama!" nikajibu, na dirisha sikulifunga.